Kipande cha Sandarusi cha Bi Tatu

Mwaka huu, kwenye hauli ya wachimbaji, nilichoma chembe ya mwisho ya sandarusi ya Bi Tatu. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mpunga, na nilipoidondosha kwenye makaa ya chetezo haikutoa moshi wa kuonekana. Ilinukia kidogo tu, kama ndimu inayokatwa chumba cha pili, kisha basi. Waliokuwa wamekaa nami mkekani, wengi wao wasichana waliozaliwa baada ya Bi Tatu kufariki, waliitikia "Tupo" kama inavyotakiwa, na msomaji akainua mikono kuomba dua. Nilikikunja kile kitambaa nilichokuwa nikihifadhia sandarusi, sasa kitupu, nikakirudisha mkobani. Ramadhani, kijana aliyenichukua stendi ya Kibiti kwa pikipiki yake na kunifikisha huko nikiwa nimekaa upande kama mzigo wa nazi, aliniona. Baadaye, tukiwa tunangoja pilau, aliniuliza, "Bibi, sasa mwaka kesho utachoma nini?" Nilimwambia Mungu akinipa uhai nitajua.

Wasioijua hauli yetu, kisomo cha kila mwaka cha kuwakumbuka waliokufa, niwaeleze kwa ufupi. Sandarusi ni utomvu wa miti ya zamani sana uliozama ardhini ukawa jiwe la manjano, linalopitisha mwanga ukilinyanyua juani. Wazee wa upande huu waliichimba baada ya mvua, udongo ukiwa laini, wakawauzia wafanyabiashara wa pwani, nao wakaipeleka ng'ambo kwenda kutengenezewa rangi ya kung'arishia mbao. Mtu alichimba shimo jembamba la kumtosha mwenyewe, akifika chini akaanza kuingia ubavuni kama fuko. Mashimo yakiloa yaliporomoka. Ndiyo maana ilikuwepo desturi moja isiyovunjwa: mchimbaji kabla hajashuka alichomeka kijiti mdomoni mwa shimo, akatundika kofia yake hapo. Kofia ikiwa kijitini, kuna mtu chini. Mvua ikishuka ghafla, watu walikimbilia penye kofia wakafukua. Wengine waliwahiwa, wengine hawakuwahiwa, na hao wasiowahiwa ndio tunaowasomea mpaka leo pale pale Mashimoni, ambapo ardhi yote ni vishimo vilivyoota nyasi. Siku hizi wapo vijana wanaosema jambo hili ni bidaa. Mimi huwasikiliza. Wengi nimewafundisha alifu mimi mwenyewe, na nashukuru kwamba wanaijali dini kiasi cha kugombana nami.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimekwisha hitimu Kurani kwetu Mbwera, nikapelekwa bara kwa Maalim, mtu mrefu, mpole, aliyekubali kufundisha wanawake fikihi wakati wenzake wengi hawakukubali. Yeye alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na watoto wengi, kwa hiyo akanipangia kulala kwa Bi Tatu, jirani yake. Nilipoingia mara ya kwanza kile chumba cha Bi Tatu nilikiona kitupu kupita kiasi. Palikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, mtungi, sanduku la mbao lenye bawaba moja. Ukutani, mahali ambapo wengine huweka kioo, palikuwa na kofia ya mwanamume, ya vito, iliyofuliwa ikafuliwa mpaka nakshi zake hazionekani. Nilidhani nyumba ina mwenyewe. Nikamsubiri arudi siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu tukiwa tunakula mseto wa choroko nikauliza, "Bibi, na babu yuko safari?" Bi Tatu akapuliza tonge lake. "Hilo, mwanangu," akasema, "kila mtu hapa kijijini ana jawabu lake. Kula, litapoa."

Jawabu la kijiji niliwahi kulisikia kisimani kabla sijalisikia la kwake. Mumewe, Salumu, alikuwa mchimbaji. Siku moja ya mvua kubwa mashimo yaliporomoka, watu wakakimbilia kofia, wakafukua kila palipokuwa na kofia, na kofia ya Salumu haikuwepo penye kijiti chochote. Salumu naye hakuonekana. Kwa hiyo hakuna aliyemfukua. Ikasemwa kwamba alipita pwani na sandarusi za wenzake, akapanda chombo, yuko Unguja au Mafia, ana mke mwingine. Bi Tatu aliwaambia siku ile ile kwamba kofia ya mumewe ilikuwa nyumbani, imeloa kwenye kamba kwa sababu aliifua jana yake. Nao wakamjibu kwamba hilo ndilo linalothibitisha: mchimbaji hashuki bila kofia, basi Salumu hakushuka. Hapo nilipofika mimi, hayo yalikuwa mambo ya tangu sijazaliwa, na Bi Tatu alikuwa na mvi. Hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Aliposwa mara mbili, akakataa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwambia kwa kauli moja kwamba ameachwa au amefiwa.

Jioni ya siku hiyo ya kisimani alinifungulia sanduku. Ndani, kwenye kitambaa, palikuwa na kipande cha sandarusi kikubwa kama ngumi ya mtoto. Nilikuwa nimekwisha kuona vipande vya majirani. Kila familia yenye mtu wake Mashimoni ina kipande alichokichimba marehemu, na siku ya hauli, jina lake likisomwa, wanakwangua kidogo kwa kisu, wanatia kwenye chetezo, wanaitikia "Tupo." Vya majirani vilikuwa vimebaki kama maharagwe, kama kunde. Hiki cha Bi Tatu kilikuwa kizima, na alama za vidole vya udongo bado zikiwa juu yake. "Cha kwangu hakijapata mkwaruzo," alisema. Alisema hivyo bila uchungu ninaoweza kuuelezea, kama anayesema mbuzi wake hajazaa.

Maalim ndiye aliyelianzisha jambo. Tulikuwa tunasoma mlango wa mtu aliyepotea, hajulikani hai wala maiti, na mimi nikasema, kwa utoto wangu, "Maalim, huyo si kama mume wa Bi Tatu?" Wiki iliyofuata alikwenda Kibiti kwa miguu kumwuliza sheikh mkubwa, akarudi amevimba nyayo na hukumu mkononi mwake: muda uliopita umetosha, mtu huyo ahukumiwe kuwa amekufa, na eda ya mkewe inaanza siku ya hukumu. Akampelekea Bi Tatu habari mwenyewe, akasimama nje ya ua. Bi Tatu akauliza swali moja tu. "Nikikaa eda, jina lake litasomwa?" Maalim akasema, "Eda ni sheria, na sheria nimekuletea. Jina ni desturi ya wenye maiti. Jina hutolewa na mwanamume wa nyumba ya marehemu, asimame mbele za watu alitoe. Na mwanamume wa nyumba ile amebaki Athumani, nduguye, peke yake." Bi Tatu akasema, "Basi nitakaa. Athumani tutaonana naye mbele."

Akakaa. Mwanamke mwenye mvi akaingia eda ya mume ambaye kijiji kizima kilidhani anakula mkate wa mofa mjini. Alivaa nguo isiyo na rangi, akaacha wanja na mafuta mazuri, hakutoka uani. Kipande cha sandarusi alinikabidhi mimi nikiweke kwangu, maana kikipata joto kinanukia na mwenye eda hagusi manukato. Maalim alimwambia kipande ambacho hakijachomwa si manukato. Bi Tatu akasema anajua, ila hataki kumpa mtu neno la kusema. Maneno yalikuwepo hata hivyo. Kisimani walimwita bibi arusi wa eda. "Siku akirudi na watoto wake saba, atawapikia nini?" mmoja aliuliza, na mwingine akajibu, "Atawapikia ile kofia!" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Na mimi nilicheka kidogo, kwa kuwa ilichekesha, kisha nikarudi nyumbani nikampikia Bi Tatu kambale mkavu kwa nazi, akala akasema chumvi imezidi.

Athumani, mdogo wake Salumu, alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti, na mcheshi alipokuwa mbali na jambo hili. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na katika shamba hilo ukanda mmoja aliuita wa Salumu. Kila msimu aliulima, akaupalilia, akauvuna mbali na wake, na mpunga wake akamletea Bi Tatu. Alikuwa anamtunzia nduguye shamba mpaka arudi. Nilichukua muda kuelewa kwamba upinzani wake ulitoka huko. Aliwahi kumwambia Maalim nikisikia, "Siwezi kumzika ndugu yangu kwa maneno. Nikimsomea hitima naye yu hai, nitakuwa nimemwua mimi." Sasa kwa kuwa Bi Tatu yumo edani na shemeji ni mwanamume wa nje, akija alisimama nyuma ya ua wa makuti, na mimi nikawa naleta na kupeleka maneno ambayo wote wawili walikuwa wakiyasikia vizuri sana.

"Mwanangu, mwambie shemeji yangu, mpunga wa mumewe huu. Mwenyewe akirudi asiseme tumemlia."

Bi Tatu kutoka ndani, "Mwambie shemeji yangu, mwenyewe amelala Mashimoni. Mpunga atamezea wapi?"

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie sikusema naye, nilisema nawe."

"Mwambie tangu aingie eda ulimi umekuwa wa msichana."

"Mwambie na yeye tangu azaliwe kimo kimekuwa cha mtoto."

Nikawa nimesimama katikati na kapu la mpunga kichwani, sina la kufikisha. Nilisikia Athumani akicheka nje na Bi Tatu akicheka ndani, kila mmoja akijaribu mwenzake asisikie. Walikuwa wamepoteza mtu mmoja, na kwa miaka yote hiyo hawakuwa na mtu mwingine wa kugombana naye juu yake.

Eda ilipokaribia kwisha, na hauli ikikaribia pia, Athumani alikuja tena na kapu. Safari hii hakuanza na utani. Alisema, "Mwanangu, mwambie shemeji yangu anisimulie tena kaka alivyotoka siku ile. Toka mwanzo. Leo sibishani." Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Akasimulia kwamba kofia aliifua jioni, usiku ukawa na manyunyu, asubuhi baada ya sala Salumu akaishika kwenye kamba akasema, "Mbichi hii," akaiacha. Bi Tatu alimwambia avae kitu kingine, Salumu akacheka. Bi Tatu akamfungia mihogo miwili ya kuchemsha kwenye kitambaa, naye akatoka akiwa ameanza kuula mmoja.

"Kitambaa gani?" Athumani aliuliza. Aliuliza moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

"Kipande cha kaniki yangu. Kilikuwa na tundu la pasi pembeni, nikalizungushia uzi mwekundu lisiendelee."

Nilimwona Athumani kwenye upenyo wa makuti ameshika ua kwa mkono.

"Uzi mwekundu," alisema.

"Sikuwa na mweusi."

Aliomba maji. Nilimpelekea kwenye kata, akanywa kidogo, akayatazama yaliyobaki, akayamwaga chini polepole, kisha akaenda zake. Bi Tatu akauliza, "Ameondoka?" Nikasema ameondoka. "Na kapu lake?" Nikasema ameliacha. Akasema, "Lifunike, kuku wasitagie humo," akarudi kwenye mchele wake. Kama alielewa kitu saa ile sikuweza kujua, na sikumwuliza hata baadaye.

Athumani hakuja tena kwetu kabla ya hauli. Alikwenda kwa Maalim. Nilikuwa nyuma ya pazia la mkeka pale tulipokuwa tunasomea, nikamsikia akisema, "Maalim, mtu akiwa na jambo alilolijua jana tu, ingawa alilifanya zamani, na hakulifanya kwa kukusudia, analazimika kulisema?" Maalim akamwuliza kama kuna mwenye haki anayezuiliwa haki yake kwa jambo hilo kunyamaziwa. Athumani akasema yuko. "Basi unajua," Maalim akasema. Athumani akasema, "Wataniuliza mbele za watu." Maalim akajibu, "Watakuuliza, ndiyo." Akamwambia akae anywe uji, lakini Athumani alikwenda. Mimi nikabaki na kitabu wazi mapajani. Nilikuwa nimeelewa nusu, na ile nusu ilinitosha nisipate kusoma.

Eda ya Bi Tatu iliisha siku chache kabla ya hauli. Alioga, akavaa kanga mpya, akachukua kipande chake kutoka kwangu akakifunga pembeni mwa kanga bila kusema kama kuna jambo anategemea. Tulikwenda Mashimoni asubuhi pamoja na wanawake wa mapishi. Nakumbuka sufuria zikiwa kwenye mafiga, harufu ya bizari, bendera nyeupe na za kijani kwenye miti, watoto wakikemewa wasiruke vishimo. Maulidi yalisomwa, matari yakapigwa. Kisha likaja jambo ambalo wageni hulishangaa mpaka leo: kabla ya majina, wanaume wote wanavua kofia. Kila mmoja anachomeka kijiti penye ukingo wa vishimo, anatundika kofia yake, anarudi mkekani kichwa wazi. Maalim mwenyewe alikuwa na upara, na ndiyo siku pekee katika mwaka niliyouona. Msomaji, mzee aliyeyahifadhi majina kichwani kutoka kwa baba yake, akaanza. Jina, kisha jina la baba. Upande wa familia ile kisu kinakwangua, moshi unapanda, "Tupo." Jina jingine. Bi Tatu alikaa kando yangu amekunja mikono. Kipande kilikuwa kwenye pindo la kanga, naye hakukigusa.

Majina yakaisha. Msomaji akainua mikono kuomba dua, na wote wakainua. Ndipo Athumani akasimama. Alikuwa ameketi nyuma, na kwa kimo chake wengine hawakumwona mpaka aliposema.

"Limebaki moja."

Msomaji akashusha mikono. Athumani akamtaja kaka yake, na jina la baba yao. Watu wakanong'ona. Mtu mmoja wa makamo, rafiki yake wa siku zote, akamwuliza, si kwa ubaya, "Athumani, wewe mwenyewe ndiwe uliyetwambia. Kofia yake haikuwepo. Kofia iko wapi?"

Athumani akasema, "Alitundika kitambaa. Kofia ilikuwa mbichi. Nilikiona kitambaa kijitini kabla ya mvua, nikadhani watoto wametega ndege. Nikakitungua nikafungia kuni."

Makaa yalikuwa yakialika kwenye chetezo. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Kilikuwa na uzi mwekundu," kana kwamba wangehitaji hilo pia. Wakamwuliza ni shimo lipi, akaangalia vishimo vyote vile vilivyofanana, akatikisa kichwa. Maalim akasema pasichimbwe, maiti amekwisha zikwa na Mola wake, na uwanja mzima ni kaburi lake. Kisha akamwashiria msomaji. Msomaji akalisoma jina la Salumu, na likaingia baada ya mengine, mahali lilipo mpaka leo.

Bi Tatu alikuwa tayari ana kisu. Hakukwangua. Alikata, kipande kinene kama kucha ya gumba, akakitupa kwenye makaa, na moshi ukatoka mweupe, mzito, mpaka wapishi wakakohoa na mtoto mmoja akalia. "Punguza, mama!" mwanamke mmoja alisema, mmoja wa wale wa kisimani. Bi Tatu akajibu, "Mumeo hakuwahi kuchelewa kama wangu," na kwa kicheko kile cha kukohoa wote tukaitikia. Sauti ya Athumani niliisikia upande wa wanaume, ikiwa imechelewa nyuma ya zetu. Alipita mbele yetu wakati wa chakula. Bi Tatu akamwambia, "Shemeji, kapu lako liko kwangu. Njoo ulichukue." Akasema atakuja. Alikuja, na aliendelea kuleta mpunga wa ule ukanda wa shamba mpaka alipofariki, ila hakuuita tena wa Salumu.

Nimefundisha mlango wa mtu aliyepotea mara nyingi tangu hapo, kwa wanawake wa Mbwera na wa Kibiti, na kila ninapofika kwenye hukumu yake naziona alama za vidole juu ya kile kipande. Bi Tatu alinirithisha, kwa kuwa hakuzaa, akisema nikwangue kidogo kidogo nisiwe kama yeye. Nimejitahidi. Mungu alinipa miaka mingi kuliko kipande.

Tangu mwaka ule, katikati ya kofia zote za Mashimoni husimama kijiti kimoja chenye kitambaa. Athumani alikuwa akikiweka mwenyewe, akaja mwanawe, sasa anakiweka mjukuu wake, huyu huyu Ramadhani wa pikipiki. Mwaka huu niliona kijiti kitupu. Nilipomwuliza, tukiwa tumekwisha kula na watu wanafuata kofia zao, alisema kile cha zamani kimeoza, ameshindwa kuamua kama kitambaa chochote kinafaa. Nilifungua mkoba nikampa kile kitupu. Alikinusa kabla ya kukifunga, kama vijana wanavyonusa kila kitu, akanitazama.

"Bibi, mbona bado kinanukia?"

"Kifunge vizuri," nilimwambia. "Pande zote mbili."